Tembo wa Gauni la Kijivu

Kwa mwanangu Mwalimu,

Nakusalimu kwa mapenzi yote niliyonayo, nikitumaini barua hii itakukuta u mzima, koo limepona na sauti imerudi, maana darasa la pili bila sauti ni soko lisilo na mlinzi. Sisi huku hatujambo. Baba yako mgongo wake ni ule ule, unauma akiambiwa achote maji na unapona wenzake wakimwita kwenye karata. Mimi miguu inavimba kidogo jioni, si jambo la kukutia wasiwasi. Je, unakula vizuri? Asubuhi unavaa sweta? Nauliza tu, ingawa najua huko yupo mtu anayekuuliza hayo kabla sijawahi kuuliza mimi.

Kondakta wa basi atakupa barua hii pamoja na mzigo niliouzungushia shuka kuukuu na kuufunga kamba. Nakuomba sana, usiufungue kwanza. Uweke chini, uketi, usome mpaka mwisho. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwomba mtu, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka hivi. Unajua shule yangu iliishia darasa la nne. Ningeweza kupiga simu, lakini nikifika kwenye jambo lenyewe ulimi unakuwa mzito, na wewe unaanza, Mama upo, Mama upo, nami nashindwa kujibu, maana nipo lakini sijui nianzie wapi.

Nianze na la likizo, maana ndilo lililonikaa kooni. Uliniambia kwamba huenda shule ikifungwa hutakuja nyumbani, utabaki huko ili wewe na Mama Cherehani mtengeneze samaki na nyangumi na pweza wa vitambaa, kwa kuwa muhula ujao watoto watasoma wanyama wa majini. Nikakujibu, sawa mwanangu, kazi ni kazi. Haikuwa sawa. Nilipokata simu nilishusha mapazia yote ya nyumba hii nikayafua, na hayakuwa machafu. Baba yako alirudi akakuta madirisha yako uchi, akauliza nani amekufa.

Mwanangu, tangu upange chumba kwa huyo mama, kila ukipiga simu jina lake linatangulia. Mama Cherehani kasema nisitembee na viatu vibichi. Mama Cherehani kanifundisha kukunja shati lisipate mikunjo. Mama Cherehani kanishonea twiga, kanishonea kobe, kakaa nami mpaka tumemaliza mkia wa nyani. Nami nilikuwa najibu, Mungu ambariki. Nilimaanisha, usidhani sikumaanisha, ila nililisema haraka haraka kama mtu anayemeza kidonge kichungu kabla ulimi haujakijua.

Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kikinituliza. Siku ile unaondoka kwenda kuanza kazi, ulilichomoa kwenye kamba gauni langu la kijivu, lile la zamani la kufulia mashuka hospitalini, kabla hawajatubadilishia sare. Nilikuuliza unalipeleka wapi gunia lile, ukasema unataka tu uwe nalo. Basi mimi nikajua unalivaa usiku, unalala nalo, unasikia harufu ya sabuni yangu. Nililiimba jambo hilo mtaa mzima. Nilimwambia shoga yangu muuza mkaa kwamba mwanangu ni mwalimu mzima, anaamkiwa na watoto wa watu, lakini halali bila gauni la mama yake. Yeye akasema wake alipoondoka alichukua redio. Nikacheka, na moyoni nikamwonea huruma.

Nilipokuja kukutembelea nilikuja na roho mbili. Moja ilikuja kushukuru, nyingine ilikuja kukagua. Nilimtafutia kosa mwenye nyumba wako, sikufichi. Alipotoka kidogo nilipitisha kidole juu ya kabati, kikarudi kisafi. Nilichungulia chini ya kitanda, nikakuta sakafu inang'aa. Hata yule mbwa wake mzee mwenye jicho moja ananukia sabuni. Mtu gani anafua mbwa? Mimi nimefua mashuka ya hospitali ujana wangu wote, sijafua mbwa. Nilimpata na moja tu, kwamba anakoroma, na hilo nalo halikunifaa kitu kwa sababu lilininyima usingizi mimi, na isitoshe nililisikia nikiwa nimelala kwenye kitanda chake mwenyewe, alichoniachia yeye akalala chini. Mtu akikutendea wema wa namna hiyo humwezi. Utamshika wapi?

Asubuhi akatumiminia chai. Kikombe chako akakipitisha bila sukari. Nikamwambia kwa ustaarabu kabisa, mama mwenzangu, umesahau, huyu anapenda sukari nyingi tangu mdogo. Akanitazama kwa upole akasema, dada yangu, siku hizi ameacha. Siku hizi. Wewe ukacheka, ukasema kweli Mama, siku hizi siitaki. Nikanywa chai yangu nikijikaza kisabuni. Nimekunyonyesha mimi, nimekuuguza surua mimi, halafu habari za mdomo wako naletewa na jirani.

Ndipo ukanichukua shuleni nikakuone ukifundisha. Hapo, mwanangu, kwa muda mfupi nilisahau wivu wote. Ulinikalisha nyuma, kwenye benchi la watoto, magoti yangu yakifika kidevuni, pembeni yangu akakaa Mama Cherehani na mbwa wake miguuni. Uliandika ubaoni kwa chaki ya rangi, Wanyama wa Nchi Kavu, herufi zimesimama wima zote. Nikasema kimoyomoyo, mkono ule niliushika mimi ulipokuwa unajifunza kushika kijiko.

Kikapu kile kikubwa kilikuwa mbele, kimefunikwa shuka. Mtoto anakuja, anaingiza mkono chini ya shuka bila kutazama, anapapasa, anawaambia wenzake anachokigusa, nao wanabahatisha. Ana miguu mingapi, ana shingo ya namna gani, ngozi yake ni laini au ngumu. Yule mtoto mwenye pengo la meno alimpapasa kobe wa gunia akasema ni sahani yenye miguu, darasa likaanguka kicheko, na wewe hukumkaripia. Ulisema vizuri, sasa tuambie sahani hiyo inaishi wapi na inataga au inazaa. Kisha akatoka nyoka, yule aliyeshonwa kwa tai za shingoni za marehemu mume wa Mama Cherehani, na hapo ugomvi ukazuka. Mmoja akasema nyoka si mnyama wa nchi kavu kwa kuwa hana mguu wa kuikanyagia nchi. Mwenzake akamuuliza, kama si wa nchi kavu ni wa wapi, wa mawinguni? Wewe hukuwapa jibu. Ulimlaza nyoka sakafuni ukawaita waje watazame ni sehemu gani ya mwili wake isiyogusa ardhi. Wakamzunguka, wengine wamelalia matumbo yao. Nami nikajikuta nimenyoosha kidole juu, mtu mzima, nataka kusema kwamba huyo ndiye wa nchi kavu kuliko wote, maana tumbo lake lote ni mguu. Mama Cherehani akaniona, akatabasamu. Nikashusha kidole nikajifanya nakuna sikio.

Halafu ukaita, Mama.

Tuligeuka wawili. Mimi nilikuwa nimeshaanza kunyanyuka kwenye kile kibenchi, natengeneza nguo yangu, nikidhani zamu yangu imefika. Ukasema, siyo wewe Mama, huyu. Yeye akaenda mbele, akaweka mkono mdomoni, akapiga mlio wa tembo mpaka madirisha yakatetema na mbwa akabweka. Watoto wakamshangilia. Walikuwa wanamjua. Walijua hata jinsi anavyovuta pumzi kabla. Mimi nikarudi kuketi, na sikuwa na la kufanya na mikono yangu.

Na baada ya mlio akatolewa tembo mwenyewe.

Nilimjua kabla hajatoka mzima kikapuni. Ngozi ya kijivu, kitambaa kizito kilichopauka magotini. Sikio la kushoto lilikuwa mfuko wangu, mfuko wa mbele wa gauni langu, umeshonwa kinywa ukafungwa, na juu yake lile doa jeupe lenye umbo la kiatu. Doa lile uliliweka wewe mwenyewe ukiwa hujaanza hata shule, uliposukuma ndoo ya dawa ya kung'arishia mashuka ikanirukia. Basi gauni halikuwa kitandani mwako. Lilikuwa limekatwa mkasi, limejazwa vitambaa, limesimama juu ya meza ya mwalimu kwa miguu minne, na aliyelikata ni yeye. Nilihisi kama nimevuliwa nguo mbele ya darasa. Nilikuambia kichwa kinaniuma, nikatoka. Ulinifuata hadi mlangoni ukasema subiri kidogo tu Mama, kuna jambo bado. Sikusubiri. Nilikwenda nikakaa nje karibu na bomba la maji, nikawa natazama watoto wa darasa jingine wakiruka kamba.

Kesho yake uliporudi kutoka shuleni hukunikuta. Uliniuliza baadaye kwa nini niliondoka bila kuaga, nikakudanganya kwamba baba yako alinipigia simu mgongo umezidi. Baba yako hakupiga simu. Siku hiyo alikuwa kwenye karata.

Halafu ukanipigia simu ile. Ulikuwa na sauti ya kulia. Ukaniambia tembo amepotea, mmemtafuta nyumba nzima, shuleni, hata jalalani. Kwamba mkaguzi atakuja mwisho wa mwezi kukutazama ukifundisha somo lile lile la wanyama wa nchi kavu, na kwa somo hilo wataamua kama utathibitishwa kazini, na wewe somo zima umelipanga limalizikie kwa tembo. Kwamba Mama Cherehani anajilaumu, kwa sababu alimweka juu ya cherehani amkaze mkonga, akaenda bombani, akarudi hayupo. Kwamba sasa anaamini ni mbwa wake aliyemburura na kumpoteza, naye amemfunga kamba nyuma ya nyumba, na mzee yule hajawahi kufungwa maisha yake yote, analia mchana kutwa. Uliongea yote hayo, mimi nimeifunika simu kwa kanga. Ukadhani mtandao umekatika.

Kisha ukasema jambo lililonimaliza. Ukasema watoto hawaulizi tembo yuko wapi, wanauliza Mama Povu yuko wapi. Nikakuuliza, Mama Povu gani? Ukasema, ni wewe Mama. Ukanieleza kwamba ukifundisha habari za tembo huwa unawaambia watoto kwamba kundi zima huongozwa na mama mkubwa kuliko wote, ndiye anayekumbuka maji yaliko wakati wa ukame, akisimama wote wanasimama. Na kwa kuwa watu wa mtaa wetu wananiita Mama Povu, nawe umempa tembo jina hilo, na umetaka ashonwe kwa gauni langu na si kwa kitambaa kingine chochote. Mama Cherehani alikataa mwanzo, kumbe. Alisema gauni la mama wa mtu halikatwi. Wewe ndiye uliyeshika mkasi. Na siku ile darasani, lile jambo uliloniomba nisubiri, ulitaka kuniita mbele uwaambie watoto, huyu ndiye Mama Povu mwenyewe. Walikuwa wamejiandaa. Walikuwa na maswali. Yule mwenye pengo alitaka kuniuliza kama ni kweli nakumbuka maji yaliko.

Nami nilikuwa nimekaa karibu na bomba.

Sasa nimefika, mwanangu. Nisipoliandika hapa sitaliandika tena. Mbwa yule afunguliwe leo hii, kabla hujavua viatu, na umwombe radhi kwa niaba yangu. Tembo nilimchukua mimi. Mama Cherehani alipotoka na ndoo, nilimwona pale juu ya cherehani, mkonga unaning'inia, na mikono yangu ikaenda yenyewe. Nilimtia kwenye mkoba wangu chini ya nguo, nikaweka kanga juu, nikatoka mlango wa mbele nikimwachia mbwa mlango wazi. Huo mlango ndio uliomponza. Njiani ndani ya basi nilijiambia kwamba gauni ni langu, nimechukua changu, mtu haibi nguo yake. Lakini nilikuwa nimeukumbatia mkoba kwa mikono miwili, na abiria wa karibu yangu akaniuliza kama nimebeba mayai.

Na hilo si lote. Natamani lingekuwa lote. Nilipofika nyumbani nilichukua wembe nikamfumua. Nilitaka gauni langu lirudi. Nilikata uzi mmoja mmoja, nikatoa vitambaa vya tumboni, nikavitupa pembeni, nikatandaza vipande mezani nivipange kama vilivyokuwa, mgongo na kifua na mikono. Havikupangika. Kipande cha kiuno kilikuwa kimekuwa tumbo, mkono mmoja umekuwa mkonga, ukosi sikuuona kabisa. Baba yako akaingia akakuta miguu minne juu ya meza yake ya kulia chakula, akauliza nimechinja nini. Nilipomwambia, akasema nimrudishie mtoto mnyama wake, halafu akasogeza sahani yake akala pembeni. Sikumsikiliza. Nilivifunga vipande kwenye mfuko nikavisukuma chini ya kitanda, na hapo ndipo vilipokuwa siku ile uliponipigia simu unalia.

Mwanangu, mimi wivu nilikuwa nausikia kwa majirani. Nilijua ni ugonjwa wa wake wenza. Sikujua mtu anaweza kumwonea wivu mwanamke anayemtunza mwanawe, akamchukia kwa sababu hana kosa. Kama angekuwa mchafu, ningekuwa nampenda leo. Kama ungekuwa unapiga simu unalia kwamba hajui kupika, hasemezeki, ningekuwa nakutumia maneno ya subira na moyo wangu umetulia tuli. Nimelitazama jambo hilo nikaliona baya, na bado liko pale pale, sikudanganyi kwamba limeondoka. Hata sasa nikiandika jina lake kalamu inakwaruza.

Ulipokata simu nilivuta ule mfuko, nikakaa mlangoni penye mwanga, nikaanza kumshona upya. Mimi ni wa kufua, si wa kushona. Baba yako alinishikia mguu mmoja nami nikishona mwingine, tukagombana ipi ya mbele na ipi ya nyuma. Shoga yangu muuza mkaa akapita akasema ng'ombe huyo mbona kavimba uso. Tumbo nililijaza vile vitambaa vya Mama Cherehani, havikutosha, nikaongezea soksi zako za shule ambazo nilikuwa sijazitupa. Utamwona. Ameegemea upande. Mguu mmoja ni mfupi, mkonga umegeukia kushoto kama mtu anayechungulia kwa jirani. Mkaguzi akiuliza, mwambie ni mnyama aliyefika kwa safari ndefu. Watoto waambie vyovyote uonavyo, ila usiwaambie ni mbwa.

Na Mama Cherehani umwambie yote. Nilitaka kukuomba umfiche, niliandika hivyo nikaufuta mstari, alama yake unaiona hapo juu. Mwambie ni mimi. Mwambie kitanda chake nilikilalia na kabati lake nikalipima vumbi. Atasema hakuna neno, dada yangu, namjua atasema hivyo, na hilo nalo litaniudhi, lakini sina budi kuudhika. Akitaka kurekebisha mguu ule mfupi, arekebishe. Mkonga nao aunyooshe, mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, hata kipofu ataona.

Ila sikio la kushoto asiliguse. Yeye alikuwa ameushona kinywa mfuko ule ukafungwa. Mimi nimeuacha wazi. Huenda umesahau, ulikuwa mdogo sana. Ulikuwa unanisubiri nje ya chumba cha kufulia mpaka nimalize, na tukianza kurudi nyumbani ulikataa kushikwa mkono, ulisema wewe ni mkubwa. Ulikuwa unaingiza mkono wako mfukoni mwangu, tunatembea hivyo mpaka mlangoni, watu wakidhani sikushiki. Watoto wako wanapopapasa ndani ya kikapu, nataka mmoja wao aingize mkono humo, aseme hajui ni mnyama gani lakini kuna mahali pa kuweka mkono.

Nisalimie walimu wenzako, wasalimie watoto wote, na yule mwenye pengo mwambie maji nakumbuka yaliko, yako karibu na ukuta wa nyuma wa shule yake, nilikaa hapo. Baba yako anakusalimu na anasema mguu ulioshonwa sawa ni ule alioushika yeye. Msalimie na Mama Cherehani. Nimeiandika salamu hiyo polepole, sikuiharakisha.

La likizo sikuambii uje. Kama ni pweza, pweza ana mikono mingi na ninyi mko wawili tu, mtachelewa. Nimebaki na shuka la bluu lisilotumika hospitalini tena, linafaa sana kwa bahari. Nimelifua, nimelikunja, nimeliweka juu ya kitanda chako. Sikulitia kwenye mzigo huu.

Ni mimi mama yako,
Mama Povu